Barua ya Wazi kwa Kamati Itakayoundwa

Mkulima wa Mpunga,
Rujewa, Mbarali,
Mkoa wa Mbeya.

Wajumbe,
Kamati ya Kitaifa ya Kubuni Programu ya Kufuatilia Ubora wa Maji (itakayoundwa),
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: USHAURI WA BURE KABLA YA SEMINA ELEKEZI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Wajumbe, najua bado hamjateuliwa. Nawaandikia mapema kwa makusudi, maana kamati ikishateuliwa haipati tena nafasi ya kusoma barua. Inasomewa hotuba ya ufunguzi, inakunywa chai ya saa nne, inagawanywa makundi, na jioni inaridhia maazimio ambayo mshauri elekezi alikuja nayo kwenye flashi. Mkifika hatua hiyo mimi nitakuwa majarubani. Sidai posho kwa ushauri huu, ingawa ikiwepo sitaikataa.

Nijitambulishe kwa sifa zinazohusika. Mimi ni mkulima wa mwisho wa mfereji. Maana yake ni kwamba maji yakitoka mto Mbarali yanapita banioni, yanapita kwa wakubwa, yanapita kwa wanaojuana na wakubwa, yanazunguka kwenye majaruba ya kila mwenye bahati, ndipo yananifikia yakiwa yamekutana na mengi. Urea yamekutana nayo. Dawa ya magugu yamekutana nayo. Msimu wa kupulizia, utamwona kijana amemaliza kazi, anavua bomba mgongoni, anaingia mferejini hadi magotini, analisuuza mara mbili tatu mpaka povu jeupe liishe, kisha ananawa uso kwa maji hayo hayo. Hatua chache chini yake mtoto anajaza dumu. Hakuna mwenye nia mbaya pale. Kijana ameambiwa asuuze bomba kila amalizapo kazi, na mtoto ameagizwa maji na mama yake. Wote wawili ni watiifu.

Sasa, kama mngependa programu yenu isiyaone hayo, na kwa utulivu wa nchi nadhani mngependa, pimeni Septemba. Septemba barabara ni kavu, gari halikwami, fedha za mwaka mpya wa serikali zimeanza kutoka, na hakuna anayepulizia chochote. Januari msije. Januari kuna tope, na kwenye tope hilo ndiko yaliko majibu.

Kuhusu mahali pa kuchota sampuli, nendeni juu kabisa, huko safu za milima ya Kipengere mito inakoanzia, kabla haijakutana na binadamu. Umoja wa Mataifa una kiashiria chake, namba 6.3.2, kinachotaka kila nchi ieleze ni kiasi gani cha mito, maziwa na maji yake ya ardhini kina ubora mzuri. Vinapimwa vitu vitano vya msingi: oksijeni iliyoyeyuka, chumvichumvi, pH, naitrojeni na fosforasi. Asilimia 80 ya vipimo ikifikia malengo, maji hayo yanahesabiwa kuwa mazuri. Ukichota Kipengere unafaulu kabla hujafungua kifuniko cha chupa. Na malengo yenyewe, jambo linalofurahisha zaidi, nchi inaruhusiwa kujiwekea.

Hapo tuna uzoefu mkubwa. Mwaka 1974 tulijiwekea kiwango cha muda cha madini ya floraidi kwenye maji ya kunywa: miligramu 8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema 1.5. Kiwango cha muda kikakaa miongo kadhaa, watoto wa Arusha na Kilimanjaro wakaota meno ya kahawia na wengine wakapinda miguu, lakini kwenye karatasi maji yao yalikuwa safi. Baadaye tukashuka hadi 4, kisha tukafika 1.5 kama wenzetu. Sielewi haraka hii ilitoka wapi. Njia ya kusafisha maji kwa kalamu haihitaji umeme, wala mitambo, wala bomba.

Nina la kusema pia kuhusu usafirishaji wa sampuli, kwa kuwa nimeushuhudia. Mtaalamu mmoja, ofisi yake sitaitaja, alikuja kuchota maji ya kupima vijidudu. Alifanya kazi safi kabisa. Alivaa glavu, akashika chupa iliyochemshwa, akaielekeza mdomo wake kwenye mkondo, akaiziba, akaandika tarehe na saa kwa kalamu isiyofutika, akaiweka kwenye deli lenye barafu. Tulisimama tukamtazama kwa heshima kama watu wanaoshuhudia upasuaji. Maji ya namna hiyo yanatakiwa yakae kwenye ubaridi na yafike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na yasizidi 24, la sivyo vijidudu vinakufa au vinazaana njiani, na utakachosoma ni habari za safari. Maabara ipo Mbeya, zaidi ya kilomita 100. Chimala walisimama kula. Igurusi walisimama kununua mchele. Uyole wakakuta foleni ya malori ya Tunduma. Haya nayajua kwa sababu nilikuwa nimeomba lifti. Barafu ilikuwa imekwisha kabla ya Igurusi, na juu ya chupa ya maji yetu kulikuwa na soda mbili. Majibu yake sijayaona hadi leo, lakini yakija nitayasoma kwa tahadhari.

Msichukulie kwamba sisi hatujawahi kupimwa. Mbarali ni wazoefu. Kati ya 1998 na 2001 mradi uliofadhiliwa na Uingereza, uliojulikana kwa kifupi kama SMUWC, uliweka makao hapa hapa Rujewa. Wataalamu wake walipima mito, wakazunguka ardhioevu yote ya Ihefu, wakaandika ripoti nene. Swali lilikuwa moja: kwa nini mto Ruaha Mkuu, ambako maji yetu huishia, unakauka kiangazi tangu 1993, wakati zamani ulitiririka mwaka mzima? Walichosema, kwa kifupi, ni kwamba sababu kubwa ni maji tunayochepusha kwenda mashambani wakati wa kiangazi. Ng'ombe, waliokuwa wakilaumiwa, hawakuwa washtakiwa wakuu. Machi 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye akaiahidi dunia, kupitia mkutano wa London, kwamba serikali inaunga mkono mpango wa kuufanya Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima ifikapo 2010.

Kilichofuata mnakijua. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde letu la Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 sehemu ya bonde ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ng'ombe wakaondoka, mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2010 ukapita kama basi la usiku lisilo na abiria wa kushusha Igawa. Ukitaka leo kusoma walichoandika wataalamu wale kuhusu mto unaopita nyuma ya nyumba yako, tafuta mjukuu mwenye bando na anayejua Kiingereza.

Sisemi haya kwa uchungu. Nasema ili mfurahie: kumbe inawezekana kupima vizuri, kupata jibu sahihi, kulichapisha, halafu kutenda kinyume chake bila mtu yeyote kuulizwa. Sharti lake ni moja tu, kwamba mahali popote kwenye programu pasiandikwe nani atafanya nini kipimo kikisoma vibaya. Mkizingatia sharti hilo mnaweza hata kununua mitambo ya bei mbaya bila hofu yoyote.

Na mitambo mtanunua, najua. Nunueni ile yenye skrini ya kugusa. Bajeti ya dawa za kusahihishia pH isiwekwe, kwa sababu hazipigwi picha siku ya makabidhiano. Baada ya mwaka mmoja mashine itasoma 7 hata ukiichovya kwenye ndimu, na 7 ni namba inayoheshimika.

Naomba sasa tuzungumze habari za ng'ombe kwa kirefu kidogo. Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya kitaifa ikaundwa chini ya Profesa Samwel Manyele, ikaenda, ikapima, ikatangaza kwamba oksijeni iliisha majini kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kule kuna mgodi wa dhahabu, na wakazi hawajasahau yaliyovuja kutoka mgodini hadi mto Tigithe mwaka 2009.

Mimi sikucheka, na nitawaambia kwa nini. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi upande wa Kenya wa mto huo huo wa Mara walichapisha kwamba kinyesi cha viboko, kikirundikana madimbwini kisha kikasombwa na mafuriko, kinaweza kumaliza oksijeni na kuua samaki sehemu za chini za mto. Kwa hiyo kamati huenda ilisema kweli. Tatizo lake ni kwamba haikuwa na cha kufungua mbele ya wananchi: daftari la kila mwezi, la miaka kumi, linaloonyesha Mara huwa na oksijeni kiasi gani Januari, kiasi gani Februari, na zebaki au sianidi kiasi gani mwezi wowote. Palipokosekana daftari, ukweli na uzushi vikawa na uzito mmoja, kila mtu akachukua alichokipenda. Kufika baada ya samaki kufa na kuanza kupima ni kazi ya polisi. Kufuatilia ni kuwa ulikuwepo kabla.

Na hapa kwetu? Mwaka huo huo wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha uchunguzi wa viboko wa Ruaha Mkuu: mto ukiacha kutiririka, viboko wanabanana kwenye madimbwi, kinyesi kinajaa, oksijeni inashuka, samaki wanapungua. Kazi nzuri sana, naipongeza. Naomba tu mwelewe hali yangu, Ndugu Wajumbe. Kiboko wa Ruaha anaweza kujua, tena kwa mfululizo wa vipimo, dimbwi lake lina nini. Mimi niliye juu yake kwenye mto, ninayelipa kodi, sijawahi kuona karatasi iliyobandikwa ofisi ya kijiji ikiniambia mfereji wangu una nini.

Sasa, ikitokea kwa bahati mbaya mmoja wenu anataka programu ifanye kazi, basi asome aya hii na ile inayofuata peke yake, nje ya ukumbi. Aanze na maswali, gari baadaye. Swali la mama wa Ubaruku, hapa hapa Mbarali, ni kama leo maji haya mtoto anywe au asinywe. Kwa maji ya bomba, nusu ya jibu hilo inapatikana kwa kidonge: unakiponda kwenye kijichupa cha maji, klorini ikiwepo yanageuka pinki, unalinganisha rangi na kadi. Ikisoma kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, bomba linalindwa. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kufanya hivyo kila asubuhi. Maabara ya Mbeya ibaki na kazi nzito, kwanza E. coli, ambaye kwenye mililita 100 za maji ya kunywa hatakiwi kuwepo hata mmoja.

Swali langu mimi ni jingine: nini kimebadilika, na kimebadilikia wapi? Hilo halijibiwi na sampuli moja. Linataka uchote juu ya banio na uchote tena kwenye mtaro wa kutolea maji ya shamba, siku ile ile, hasa mvua ya kwanza baada ya kupulizia. Na mahali palipo na kituo cha kupimia kina cha mto, kama kile cha Igawa chenye namba 1KA11A, chukua na usomaji wa mtiririko. Sumu ile ile inayopotea kwenye mto uliojaa Machi inakuwa kali Oktoba maji yakibaki kufunika vifundo vya miguu. Mkipima ubora bila wingi mtapata namba zisizojua zilikotoka. Kisha kwa kila kipimo andikeni kikomo chake, cheo cha atakayepigiwa simu kikivukwa, na saa alizonazo kabla kijiji hakijapigiwa kengele. Majibu yabandikwe kwa Kiswahili pale pale sampuli ilipochotwa. Gharama ya kipengele hiki ni karatasi na pini, kwa hiyo natabiri kitakuwa cha kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima wa mwisho wa mfereji.

Nakala:
Mtendaji wa Kijiji: ibandikwe ubaoni, juu ya tangazo la mnada.
Viboko wote, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha: kwa taarifa. Ninyi takwimu mnazo.
Ng'ombe wa Usangu na wa Mara: tafuteni wakili mapema.