Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafumaji hapa Njombe mjini, na daftari la mihtasari linakaa kwangu. Ukilisoma utadhani sisi ni watu watulivu sana. "Kikao kilifunguliwa kwa sala saa nane kamili." "Ajenda ya tatu: sweta za kwaya zilikabidhiwa." "Mengineyo: hakuna." Hiyo saa nane kamili alikuwapo mwenye nyumba peke yake, tena kwa sababu ndiko anakoishi. Sweta za kwaya zilikabidhiwa kweli, ila mmoja wa waliokabidhiwa alikaa ndani ya sweta yake mpaka wali uliokuwa jikoni ukaiva. Na hayo mengineyo ndiyo kikundi chenyewe.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Tanga, nieleze kwanza kwamba huku kwetu sweta si urembo. Mji uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mtu akifungua mdomo asubuhi unatoka mvuke. Ukipanda mpaka Kitulo unakuta sakitu imelala juu ya majani. Kwa hiyo tunafuma kwa sababu ya baridi. Hivyo ndivyo tunavyowaambia waume zetu. Ukweli ni kwamba baridi ilishamalizwa na mitumba zamani: unapata sweta nzuri gulioni kwa bei isiyotosha hata nusu ya uzi wa kufumia nyingine. Mweka hazina aliwahi kutupigia hesabu hiyo kikaoni, akajumlisha uzi, nauli ya kuufuata Makambako na siku za kazi. Katikati ya kujumlisha akafunga daftari, akaomba tuendelee na ajenda inayofuata. Hakuna aliyempinga.

Kwa sababu hiyo uzi wetu mwingi tunautoa kwenye mitumba hiyohiyo. Mtaalamu wetu ni mama mmoja tunayemwita Mama Kiberiti. Akifika gulioni anachagua sweta, anaigeuza ndani nje, anakagua mishono ya ubavuni. Akiona vipande vilifumwa kila kimoja na umbo lake kisha vikaunganishwa, anatabasamu, maana ukipata ncha na kuivuta, mgongo mzima unarudi kuwa donge la uzi. Akiona vilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya ovaloku, anairudisha kwenye lundo, kwa kuwa hiyo ukiifumua utaambulia vipande vya uzi visivyofunga hata mfuko wa sukari.

Halafu linakuja jaribio la pili, lile lililompa jina. Anachomoa unyuzi mmoja na kuuwasha. Sufu halisi inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ni kipimo cha kisayansi kabisa, na mtu akikielewa hakidanganyi. Ila muuza mitumba haioni sayansi. Anachokiona ni mama mtu mzima, mwenye heshima zake na kitenge kipya, amechuchumaa pembeni ya lundo lake la nguo akiwasha moto.

"Shikamoo mama. Sasa mama, unataka kuniunguzia mtaji?"

"Marahaba mwanangu. Naonja tu."

Siku hizi wameshamsoma. Hawapandishi bei anapouliza. Wanapandisha anapotabasamu.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye msuko, hivyo lazima uoshwe, kisha uning'inizwe na kitu kizito chini mpaka unyooke. Siku moja, uani kwa mwenyekiti wetu, kamba nzima ilijaa mafungu ya uzi mwekundu, kila fungu limening'iniza kopo la maji. Mjumbe wa mtaa akapita, akasimama nje ya uzio, akatazama kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza kwa adabu kubwa kama mganga hupokea watu siku za Jumamosi.

Mwanaume tuliye naye ni mmoja, mstaafu wa reli ya TAZARA. Tunamwita Babu, na yeye anatuita "abiria". Alifundishwa kufuma na mkewe baada ya kustaafu, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, alichoka kuulizwa kila baada ya chakula cha mchana kama amelala. Vitanzi vyake vimelingana kiasi cha kutia hasira. Mgeni akishangaa kumwona na sindano, Babu ana mhadhara wake tayari. Atamkumbusha Zanzibar, ambako kofia za vito zinapita kwenye mikono ya wanaume bila mtu kucheka. Kisha atampeleka Paris, ambako mwaka 1527 wafumaji waliunda chama chao chini ya Mtakatifu Fiacre, na waliokishika chama hicho walikuwa wanaume. Baadaye, kwenye vyama vya aina hiyo kule Alsace, kijana aliyetaka kuwa fundi kamili alipewa majuma 13 afume zulia la maua, kofia, shati na soksi, ndipo wazee wakae wamkague.

Babu akapendekeza na sisi tuwe na mtihani. Mweka hazina akasimama kusema mtihani huo ukianza kutumika, wanaoingia hawatakuwapo na tuliomo tutatoka. Hoja ikaanguka.

Jambo jingine alilotuletea lilipokewa vizuri zaidi. Kwenye ziwa Titicaca, nchini Peru, kuna kisiwa kinaitwa Taquile. Kule wanaofuma kwa sindano ni wanaume, na ufundi wao wa nguo UNESCO iliutambua mwaka 2005. Inasimuliwa kwamba kijana akitaka kuoa, baba mkwe humimina maji ndani ya kofia aliyoifuma kijana, na kofia ikivuja, posa nayo inavuja. Wenye mabinti walinyamaza kidogo. Kisha mwenyekiti akauliza kama hao watu wa Taquile wanaruhusu uzi wa akriliki.

Aliuliza kwa sababu kwake palikuwa na posa njiani, na hapo lazima niizungumzie sebule yake. Sote tunafuma vitambaa vya makochi, lakini yeye amevuka mpaka. Kila kochi lina vitambaa vya mikononi na cha mgongoni, vyeupe vyenye ukingo wa zambarau. Meza ina chake, stuli zina vyao, chupa ya chai ina gauni, mtungi wa gesi una sketi. Zamani runinga nayo ilikuwa na chake, kikubwa, kinaning'inia mbele mpaka kinafunika nusu ya paji la uso la msomaji wa habari. Zilipokuja runinga bapa, wafumaji wa nchi hii walipata pigo ambalo hakuna aliyewapa pole: chombo kimebaki na ukingo mwembamba juu, kitambaa kinateleza kila mlango ukifungwa. Kilichotuokoa ni king'amuzi. Tangu Dar es Salaam izime analogi mwishoni mwa 2012 na mikoa mingine kufuata, kila nyumba ikapata kisanduku kidogo bapa kisicho na nguo. Fundi akija kulalamika kwamba king'amuzi kinahitaji hewa na kwamba rimoti haioni kupitia maua, anakaribishwa chai.

Basi siku ya posa mshenga alikuja, mzee mstaarabu, koti lake lina kifungo mgongoni, juu ya mpasuo. Alikaa, akanyweshwa, akaongea vizuri. Alipoinuka kuaga, kitambaa cha kochi kiliinuka naye, kimenasa kwenye kile kifungo. Wote sebuleni wakakiona. Hakuna aliyesema neno. Mtu aliyekuja kuomba binti, utamsimamishaje mlangoni na kumwambia amebeba mali ya nyumba hii? Shangazi akajaribu kumfuata nyuma akijifanya anamsindikiza, akanyoosha mkono, na wakati uleule mzee akageuka. Shangazi akageuza ule mkono kuwa wa kuaga. Wakaagana mara ya pili. Mzee akashuka mpaka barabarani, akapanda bodaboda, akaondoka na maua ya zambarau yakipepea mgongoni mwa koti.

Kilirudi wiki iliyofuata, kimefuliwa, kimepigwa pasi, na ndani yake imekunjwa barua ya posa. Mwenyekiti anasema kwa heshima ile tu alikuwa tayari kupunguza mahari. Mume wake anasema hakusikia kitu kama hicho. Kwenye muhtasari niliandika: "Mwenyekiti aliripoti upotevu wa kitambaa kimoja. Kimepatikana."

Kazi tunayoifanya bila kugombana ni kofia za watoto njiti, tunazozipeleka wodini. Ni kazi ndogo, ya uzi laini, ambayo mtu huimaliza jioni moja. Ugumu wake ni kipimo, maana mkono uliozoea kufumia watu wazima hauamini kwamba kuna kichwa kidogo kiasi hicho, kinacholingana na chungwa. Muuguzi alitushauri tujaribishie tunda. Njombe machungwa huja kwa lori, lakini maparachichi yako uani, kwa hiyo tunatumia parachichi la kienyeji lililokomaa. Mume wa mweka hazina, aliyerudi usiku bila umeme na kupapasa rafuni akitafuta cha kula, amesema habari hiyo isizungumzwe tena mbele yake. Parachichi hilo lilikuwa limevaa kofia ya njano yenye masikio.

Sasa kwaya. Walitaka sweta za bluu za Pasaka, tukagawana kazi. Tatizo la kwanza lilikuwa la uzi. Kila donge lina karatasi yenye namba ya pipa lililopikiwa rangi, na namba zikitofautiana, bluu nazo zinatofautiana, hata kama dukani zilionekana pacha. Tulipozianika pamoja juani tukakuta tuna bluu mbili. Mwalimu wa kwaya, mtu mwepesi, akaamua sauti za kwanza na za pili wavae iliyokoza, tena na besi wavae iliyopauka, na akatangaza kanisani kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Watu wakasifia.

La pili lilikuwa la mikono. Maelekezo yalisema vitanzi 22 vitoe sentimita 10, na kila mfumaji afume kwanza kipande kidogo cha kujaribia ili apime. Kipande hicho ninakipigia debe kila kikao. Hakuna anayekifuma, kwa sababu mtu mwenye uzi mpya mkononi hataki kupima, anataka kuanza. Na mkono wa mtu haufichi kitu. Mama mmoja anayefuma akitazama tamthilia ya Kituruki alileta sweta yenye mikono ya kufika magotini, na ukiiinua kwenye mwanga unaona bayana mstari uliokazwa pale Sultani alipotoa hukumu. Mwenyekiti, yeye alifuma wiki ileile mahari ilipokuwa ikijadiliwa. Sweta yake ilisimama mezani bila kushikwa.

Ndiyo iliyomwangukia besi, kijana mrefu, mpole, mwenye kichwa cha kutosha. Mabega yaliingia. Mikono iliingia. Kichwa kikafika shingoni na kugoma. Lastiki ya shingo ni kitu cha kuvutika, lakini ule mstari wa mwisho wa kufungia vitanzi ukiubana hauvutiki kabisa, ndiyo maana wajuzi hufungia kwa sindano nene kuliko ile waliyofumia. Tukavuta chini, masikio yakakataa. Tukavuta juu, ikawa imeshashika kidevu. Kijana akasimama katikati ya sebule, mikono imetanuliwa, anapumulia ndani ya bluu iliyopauka.

"Tafuta ncha ya uzi, tuifungue shingo," Babu akasema, anavaa miwani.

"Ncha zangu hazionekani," mwenyekiti akajibu, na ilikuwa wazi kwamba hata katika saa ile alikuwa anajisifu.

Ni kweli hazionekani. Alikuwa ameizika ile ncha kwa ustadi, mbele, nyuma, mbele tena, tukaizunguka shingo ya yule mtoto wa watu kwa tochi ya simu tusione kitu. Mwenye nyumba akaenda kugeuza wali. Mtu akataja mkasi, wanawake wote wakaguna kwa pamoja, maana kukata kazi iliyofumwa ni jambo ambalo hata adui humwombei. Mama Kiberiti akasema, polepole, kwamba kama ni uzi mmoja tu, pengine ungeweza kuunguzwa kidogo.

Kutoka ndani ya sweta ikasikika sauti nene: "Hapana."

Babu ndiye aliyeipata ncha, nyuma ya sikio la kushoto, akaanza kufungua mstari kitanzi kwa kitanzi, akimwomba kijana asitikisike na aimbe kitu ili atulie. Kijana akaimba besi peke yake, na besi peke yake, bila sauti nyingine, haina tofauti na mtu anayelalamika. Shingo ikaachia. Akatoka jasho jembamba, nywele zimelala upande mmoja, akasema asanteni sana mama zangu, akala wali wake sahani mbili.

Babu akaifunga ile shingo upya kwa sindano namba 6, mwenyekiti akimtazama bila kusema kitu. Pasaka walipendeza. Wameshatuma barua nyingine ya oda, imo kwenye daftari, ajenda ya pili ya Jumamosi ijayo: vizibao vya Krismasi, rangi nyekundu. Chini ya sahihi ya mwalimu wa kwaya kuna mstari ulioongezwa kwa kalamu nyingine, kwamba upande wa besi wanaomba vya kwao viwe na zipu.