Mjomba, Nanunua Mawe

Brussels

 

Mjomba, ulinionya nisichezee hela. Onyo limefika, ila limekuta nimeshaanza kununua mawe.

Ngoja kwanza ucheke baadaye. Wembe wa kinyozi wa zamani, ule wa kukunja, haunolewi kwenye ngazi ya sementi kama panga. Una kinoo chake. Hapa kuna soko la vikorokoro, Place du Jeu de Balle, kila siku asubuhi, na vinoo hivyo hulala chini baina ya vijiko na vitasa, vimegandwa na povu la sabuni na ungaunga wa chuma wa vinyozi waliokwisha kufa. Mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui kashika nini. Hapo ndipo mjanja anapopata, na mjinga anapopatikana.

Mfalme wa huku ni kotikule, jiwe la manjano la vilima vya Ardennes, upande wa Vielsalm. Limejaa chembe ndogo mno za ganeti, na hizo ndizo zinazokula chuma. Litazame ubavuni: manjano juu, buluu chini. Pengine ardhi yenyewe ndiyo iliyoziunganisha tabaka hizo, na mpaka wake unakwenda kwa mawimbi; pengine fundi kazibandika kwa gundi, mpaka umenyooka kama wa rula. Lilowanishe, ulisugue kwa kijiwe kidogo. Likitoa uji mweupe kama tui, shusha pumzi. Refu, pana, lisilo na ufa, linafika mamia ya euro. Lililolika katikati kama ngazi ya msikiti wa kale, punguza bei bila haya.

Kisha lipo la Wajerumani, la Thuringia. Kampuni ya Escher pale Sonneberg iliyabandika mawe yake lebo za karatasi, na Mjomba, siku hizi karatasi ile ndiyo hela! Likiwa na lebo na kasha lake, bei inapaa. Lebo ikibanduka, unabaki na jiwe la kijivu na kiapo cha muuzaji. Na pale sokoni hakuna jiwe la kijivu lisiloapiwa kuwa ni Escher.

Jumapili nikaliona langu. Kijivu cha kuelekea kijani, laini, tena jembamba ajabu; nikasema hili limeliwa na nyembe miaka mia. Juu lina tundu. Nikajua tu: la kulitundikia ukutani kwa kinyozi. Bwana yule alitaka euro 40, nikamkaba mpaka 25, nikaondoka mbiombio asije akajuta.

Nikamwonyesha jirani yangu, mzee wa hukohuko Ardennes, aliyeezeka nyumba maisha yake yote. Akaligeuza, akanichungulia kupitia lile tundu, akauliza kama nina mengine, maana banda lake linavuja.

Sasa Mjomba, kile kijiwe cha kijivu cha marehemu Babu, alichotoka nacho kwenye duka lake la kinyozi pale Tanga, ambacho mkazamjomba anazuilia mlango wa jikoni. Usimwambie kitu. Kipige picha ubavuni na kichwani, uangalie kama pamebaki hata kipande cha karatasi. Mlango mtafutie tofali.

Mpwa wako