Saa Sita ya Nani?

Walimu wote wa kupiga picha za fataki wanaonekana kuishi Sydney. Kule, usiku wa Desemba 31, fataki hurushwa kutoka kwenye matishari na juu ya daraja kubwa la bandari. Watoto wana zao saa tatu usiku ili wakalale, watu wazima wanangoja saa sita. Mpiga picha anawahi mchana na chakula chake, anasimika kamera pale alipopachagua tangu mwaka jana, anavuta kiti. Mtu wa namna hiyo akikuagiza ujue mapema fataki zitapasukia wapi na saa ngapi, haoni kama ameomba jambo kubwa. Hajapanda matatu ya Nakuru, ambayo saa yake ya kuondoka ni ikijaa.

Fataki zetu nazo huondoka zikijaa.

Mwaka mpya mtaani kwetu hauingii mara moja, unaingia kwa mafungu. Kanisa la huku lina mchungaji wa haraka. Anaanza kuhesabu kumi, tisa, nane, anafika sifuri, waumini wanaruka na kupiga vigelegele, na simu yangu bado inasoma saa sita kasoro dakika saba. Kanisa la ng'ambo ya ukuta, wakati huo, liko kwenye ushuhuda wa mama aliyeponywa mgongo, na mama mwenyewe hajafika hata ulipoanza kuuma. Chini barabarani kuna klabu ambayo dijei wake anafuata saa ya kompyuta yake, na sijui ni nani aliyeirekebisha. Kila mahali pa namna hiyo pana kijana mmoja mwenye boksi la fataki na kiberiti, na kila kijana anamtii mwenye maikrofoni wa kwake. Zinalia upande wa Milimani. Zinajibu Section 58. Zinakohoa Kiamunyi. Saa sita yenyewe ikifika, ile ya wanajimu, anga ni tupu kabisa, watu wanakumbatiana.

Tangu Desemba 1, 2021 sisi Nakuru ni jiji, tulikabidhiwa hati na Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe. Nilidhani jiji ni pamoja na kuwa na saa sita moja.

Kazi yenyewe si ngumu, hilo niliseme kabla mtu hajaanza kunihurumia. Kamera inakaa kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa kuwa shata inaachwa wazi sekunde mbili, tatu, hata nne, cheche ipate kuandika njia yake yote tangu kupaa hadi kuzima. ISO ni 100. Tundu la lenzi ni f/8 au f/11, dogo kuliko unavyotarajia usiku, kwa sababu unachopiga ni moto wenyewe, na ukiupa nafasi unaunguza picha ikawa nyeupe tupu. Wekundu wa strontiamu na kijani cha bariamu vyote vinapotea, halafu ndugu zako wanakuuliza kwa nini umepiga picha ya kolifulawa. Fokasi unaifunga kwa mkono kwenye taa ya mbali. Ukiiachia kamera itafute yenyewe gizani, lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma mpaka watu waende kulala. Flashi unazima. Kitufe hukigusi kwa kidole, unatumia rimoti. Mtoto wa darasa la sita anayashika yote hayo chai ikiwa bado ya moto.

Kisichofundishwa na mtu yeyote wa Sydney ni jinsi ya kuigeuza stendi ya miguu mitatu kutoka Milimani hadi Kiamunyi, gizani, juu ya paa la ploti lenye kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Wapangaji wenzangu wana desturi ya kufua mablanketi mwisho wa mwaka, yasiingie Januari na uchafu wa Desemba. Hayakauki kwa siku moja na baridi hii yetu. Kwa hiyo upande wa kaskazini wa anga langu una blanketi la maua, na upande wa magharibi una matangi ya maji.

Matangi hayo nayajua vizuri kwa sababu ya flashi za watu. Flashi ya simu inamulika mita chache, basi. Fataki iko nusu kilomita. Lakini shemeji yangu haamini kwamba kitu kilichoko gizani kinaweza kupigwa picha bila kumulikwa, akachukua hatua ya kuisaidia fataki. Mimi nimeacha shata wazi sekunde tatu, yeye anamulika, na wenzake wanne wanaunga mkono. Matokeo ni picha safi mno ya tangi jeusi la lita elfu moja, nembo inasomeka, hata ule mpasuko wa mfuniko ambao mwenye ploti anakana kuwa upo. Juu yake, pembeni, kuna alama nyekundu ndogo. Huo ndio mwaka mpya.

Halafu wanataka wawemo. Picha ya fataki isiyo na shangazi, wanasema, ina faida gani? Inawezekana kitaalamu: unammulika mtu mara moja mwanzoni, kisha anatulia bila kutikisika mpaka shata ifunge. Sekunde tatu tu. Mtafute mtu wa ukoo wetu anayeweza kunyamaza na kutulia sekunde tatu usiku wa mwaka mpya, nami nitamlipia nauli.

Mpwa wangu, ambaye ana ushauri kwa kila jambo, aliniambia, “Mjomba, si upande tu Menengai? Unaona Nakuru yote.” Ni kweli unaiona yote. Tatizo ni hesabu. Mji uko karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na Menengai, mlima wenye kreta, unafika mita 2,278. Fataki za maboksi ya dukani hazipandi hata mita mia. Ukiwa juu kule, basi, unazitazama ukiwa umeinama. Zinapasuka chini ya miguu yako, katikati ya taa za barabarani, na kwenye picha huwezi kutofautisha sherehe na kituo cha mafuta. Mlio nao unachelewa, kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hiyo ukisikia mshindo na kugeuza kichwa, mwenye nao ameshaingia ndani kula pilau. Na sijauliza bado ni mwendesha nduthi gani anayekubali kukungoja ukingoni mwa kreta saa saba usiku, na kwa bei gani.

Wanaotaka mfano wa utaratibu hutaja London, ambako fataki hurushwa kando ya Mto Thames kengele ya Big Ben ikigonga. Sawa. Nakuru nayo ina London yake, mtaa ulio jirani na jaa la taka la Gioto, na moshi wake hauhitaji sikukuu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo kwenye karatasi. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, haichukulii baruti kuwa mchezo, inataka vibali. Laiti kila kijana mwenye boksi angeandika kweli mahali gani na saa ngapi! Ningeomba nakala. Na si mimi peke yangu. Kuna mzee katika ploti yetu aliyekuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na mshindo wa ghafla usiku humwingiza ndani na kumfungisha mlango, awe na wageni au asiwe nao. Yeye haombi fataki zikatazwe. Anaomba aambiwe mapema. Mbwa wa mwenye ploti wangesema hivyohivyo.

Sasa nimehamishia matumaini yangu kwenye Diwali. Huangukia usiku wa mwezi mpya, yaani hakuna mwezi wa kunichafulia anga, na giza ni la kutosha. Mvua za vuli zinaweza kuharibu, lakini mvua angalau hutabiriwa. Zaidi ya hayo, nilijiambia, mtaani kwetu wanaowasha fataki za Diwali ni familia moja, ua mmoja, na mwenye nyumba ni mfanyabiashara anayefungua duka saa mbili kamili kila siku ya Mungu. Mtu wa saa. Nikamfuata dukani, nikanunua misumari nisiyoihitaji ili mazungumzo yawe na adabu, nikamuuliza Diwali watawasha saa ngapi.

“Watoto wakimaliza kula,” akasema.

“Na wanamaliza saa ngapi?”

“Nyanya yao akichoka kuwaongezea.”

Nikatoa daftari, nikauliza angalau ni upande gani wa ua, nipange lenzi.

“Pale ambapo wageni hawajaegesha magari.”

“Wageni huegesha wapi?”

Akaacha kuhesabu misumari, akanitazama. “Kwani wewe unakuja na gari?”