Namna ya Kunywa Torrette Bila Kumwaibisha Aliyeilima

Hatua ya kwanza, acha kunusa kizibo. Kizibo ni gome la mti, na ukikinusa mbele ya wageni huku umefumba macho, wageni watajifunza jambo moja tu, kwamba unajua kufumba macho. Kiangalie kama hakijaoza, kiweke mezani, kisha ushike chupa uisome. Imeandikwa Valle d'Aosta, au Vallée d'Aoste, kwa kuwa mkoa ule una lugha rasmi mbili, Kiitaliano na Kifaransa. Karibu na jina hilo utaona Torrette. Basi hiyo ndiyo yenyewe: mvinyo mwekundu wa mchanganyiko, unaotoka katika mkoa mdogo kuliko yote ya Italia.

Hatua ya pili ni ramani, na hii usiiruke hata kama kiu imekushika. Valle d'Aosta imebanwa kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, kati ya Ufaransa na Uswisi. Mont Blanc iko mwisho wa bonde, Matterhorn na Monte Rosa zinaziba kaskazini, Gran Paradiso inaziba kusini, na katikati unapita mto Dora Baltea kwenda kuungana na Po. Milima hiyo huyazuia mawingu. Ndiyo maana mji wa Aosta, pamoja na theluji yote inayouzunguka, hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa zabibu wa Dodoma anakifahamu vizuri. Wenyeji walichimba mifereji tangu karne za kati kuteremsha maji ya barafu hadi mashambani, na mingine inatumika mpaka leo.

Mizabibu ya Torrette imepandwa katika manispaa 11, kuanzia Quart, mashariki ya mji wa Aosta, hadi Villeneuve na Introd upande wa juu wa mto. Mashamba mengi yako kati ya mita 600 na 900 juu ya usawa wa bahari, kwenye ubavu wa mlima unaopigwa na jua. Udongo umeshikiliwa na kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono bila saruji. Ukuta ukibomoka kwa mvua au theluji, mtu anainama, anaokota jiwe moja moja na kulirudisha. Trekta haifiki kwenye ngazi nyingi za namna hii. Kwa hiyo muuzaji akikutajia bei, usimkazie macho kama mtu aliyekuibia. Unalipia mgongo wa mtu.

Watu wa huko wana taasisi iitwayo Cervim, iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya kilimo cha zabibu cha milimani. Hicho wanakiita kilimo cha kishujaa, na wana vipimo vyake: mteremko wa zaidi ya asilimia 30, kimo cha zaidi ya mita 500, mashamba ya ngazi, au visiwa vidogo. Neno "shujaa" limechoka kwa kutumiwa ovyo. Hapa nalikubali bila kusita.

Tunakuja kwenye mchanganyiko wenyewe. Kuna watu wakisikia neno hilo hukunja uso kana kwamba wameletewa makombo. Kwao mvinyo wa heshima lazima uwe wa zabibu moja, yenye jina wanaloweza kulitamka kwa kujigamba. Ukimkaribisha mtu wa aina hii, mkalishe mbali na chupa hadi umalize kumsimulia yafuatayo.

Sheria ya Torrette inataka angalau asilimia 70 iwe Petit Rouge, zabibu nyekundu ya bonde hilohilo, yenye punje ndogo. Sehemu inayobaki hujazwa na zabibu nyingine nyekundu zinazoruhusiwa huko: Fumin, Cornalin, Mayolet, Vien de Nus na kadhalika. Wataalamu wa vinasaba walipozichunguza waligundua kwamba nyingi kati yake ni jamaa. Petit Rouge na Mayolet ndio wazazi wa mzabibu uitwao Rouge du Pays, na Rouge du Pays ndiye mzazi mmojawapo wa Cornalin. Kwa hiyo katika chupa moja yawezekana kabisa ukawa na babu, bibi na mjukuu. Mtu anayetaka kuwatenganisha kwa jina la usafi hajui alifanyalo.

Kuchanganya kulikuwa pia akili ya kujihami. Kijadi, mkulima wa mlimani alipanda aina kadhaa ndani ya shamba moja, kwani baridi ya ghafla ikiunguza machipukizi ya ile iliyowahi, iliyochelewa itapona. Petit Rouge huleta matunda na ulaini. Fumin huleta rangi nzito, uchachu na ukakasi, ule unaokausha ulimi na fizi. Ukionja Petit Rouge peke yake utaipenda, lakini mezani, mbele ya nyama, utaanza kumtafuta Fumin.

Sasa fungua. Kama unaishi Mombasa, Dar es Salaam au popote penye joto, usimsikilize anayekwambia mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, tena cha zamani, chenye baridi. Iweke chupa kwenye friji nusu saa, uitoe. Nyuzi 16 zinatosha. Ikipata joto zaidi, kileo kinapanda puani na matunda yote yanapotea, nawe utamlaumu mkulima kwa kosa la jiko lako.

Mimina robo ya glasi tu, uiinue kwenye mwanga. Ni nyekundu ya kung'aa, na pembeni, pale mvinyo unapogusa kioo, kuna kivuli cha zambarau ikiwa bado changa. Nusa. Utapata matunda mekundu madogo na ua waridi kwa mbali, na pale Fumin ilipowekwa kwa mkono mkarimu, pilipili manga. Kunywa. Kwanza unakuja uchachu unaotoa mate, kisha ukakasi mwembamba. Usitafute asali, ngozi ya farasi wala tumbaku ya Cuba ili mradi useme kitu. Ukisema "mtamu kunywa" umesema la kweli.

Ukikosa la kuzungumza, zungumzia Mlima Kenya. Tarehe 13 Septemba 1899 mpanda mlima Halford Mackinder alifika kilele cha Batian akiwa na viongozi wawili wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel, wote wa Courmayeur, juu kabisa ya bonde hili la Aosta. Wapagazi Waswahili na Wakikuyu ndio waliowabebea mizigo. Barafu mbili za mlima ule zikapewa majina ya viongozi hao, Cesar na Joseph. Mwaka 1906 wawili hao walirudi Afrika Mashariki pamoja na wenzao wa Courmayeur, safari hii Rwenzori, wakiwa na Duke wa Abruzzi. Mada hii itawatosha wageni hadi chakula kiive, na inamtendea haki mvinyo kuliko hotuba yoyote ya mapipa.

Kuhusu mapipa, neno moja: Torrette ya kawaida huhitaji mbao kidogo au haizihitaji kabisa. Ikiandikwa Supérieur imekaa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa. Nunua ile ya kawaida kwanza, uinywe ingali changa. Kuifungia kabatini miaka kumi ili uwaonyeshe watu ni kuinyima kazi iliyozaliwa kuifanya.

Kazi hiyo ni chakula chenye mafuta. Wenyeji huiweka karibu na Fontina, jibini yao ya maziwa mabichi ya ng'ombe, na karibu na polenta, ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja: ni ugali wa mahindi, huko ukikorogwa na siagi na jibini. Nyama choma ya mbuzi nayo yafaa sana. Samaki wa nazi mwachie maji ya limau.

Ikibaki chupani, usiimwage wala usiisubirie wiki nzima. Tengeneza carbonade, mchuzi wao wa nyama. Kata nyama ya ng'ombe ya kuchemka vipande vikubwa, ipake unga kidogo, ikaange kwenye siagi hadi ipate rangi. Toa nyama. Kwenye sufuria hiyohiyo weka vitunguu vingi kuliko unavyodhani vinahitajika, uviache vilegee taratibu. Rudisha nyama, mimina mvinyo uliobaki, tia jani la bay, karafuu mbili, mdalasini kidogo, chumvi. Moto mdogo, saa mbili au zaidi, na mchuzi ukauke kabla hujaongeza maji. Ugali usongwe wakati nyama ikianza kuachia uma.