Mnamjua Nani Pale Ndani?

Mpwa wangu ana digrii, GPA ya 3.7, na mjomba asiye na cheo. Katika hayo matatu, fomu ya kuomba kazi chuo kikuu haiulizi la mwisho, ingawa mtaani kila mtu huanza nalo: "Mnamjua nani pale ndani?"

Hatumjui mtu. Na ukufunzi msaidizi kwenye vyuo vya umma unataka 3.8 kwenda juu. Ile 3.7 tuliipigia vigelegele, tukaipikia pilau, leo haimfikishi hata mlangoni. Tukashuka kwenye nafasi za utawala, na huko ndiko nilikochoka.

Tangazo linataka nakala za vyeti zilizothibitishwa na mwanasheria. Sawa, lakini chuo chenyewe ndicho kilichompa hiyo digrii! Saini ni yao, jalada lake liko kwao, na joho alilivaa mbele yao. Sasa kinahitaji wakili mwenye ofisi juu ya duka la vipuri akithibitishie kwamba karatasi yake ni ya kweli. Tukaenda. Wakili hakusoma hata jina. Alijaribisha mhuri kwenye gazeti, akaona wino upo, akagonga, akahesabu kurasa kwa kidole kilicholowa mate, akataja bei. Kwa kila ukurasa, jamani, hata ule wenye mstari mmoja.

Kisha Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, barua yenye saini, na mtandao unaokata ukifika kwenye kitufe cha kutuma. Ukipenya, jina linatoka kwenye orodha ndefu ya usaili wa mchujo, na chini yake wameandika kwa upole kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kijana hana kazi, ndiyo maana anaomba kazi, halafu anaambiwa ajilipie kulala! Nauli nilitoa mimi, yule asiye na cheo. Alifaulu, nafasi zikawa zimejaa, akawekwa kanzidata. Dada yangu anawatangazia majirani kwamba mwanawe yuko Kanzidata, nao wanauliza ni wilaya ya wapi.

Mpwa wangu wa kike, mdogo wake kijana huyo, yuko mwaka wa pili. Bumu lilipokata akaenda kuulizia kibarua palepale chuoni, hata cha kupanga vitabu maktaba. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wana utaratibu wa mwanafunzi kufanya kazi chuoni akalipwa. Huyu akajibiwa kwamba kazi yake ni kusoma.

Sasa jioni yuko steshenari nje ya geti, anatoa kopi za madesa na kuwapakia watu vyeti vyao kwenye Ajira Portal. Tangazo la kazi za chuo likitoka, foleni inafika barabarani. Kaka yake naye hupanga humohumo, na akifika dirishani anatozwa bei ileile.