Chanzo Kimevaa Buti

Mwaka 2013, sokwe mtu watano wa kundi la Kanyawara, msitu wa Kibale, Uganda, walikufa kwa maradhi ya kifua. Wataalamu wakapima maiti ya mtoto wa miaka miwili, wakamkuta mhalifu: rainovirusi C, kirusi cha mafua ya watoto wetu, yale tunayoyafuta kwa pindo la kanga. Kule Taï, Ivory Coast, mambo yalikuwa yale yale: sokwe waliozoeshwa watu kwa ajili ya utafiti waliuawa na virusi vya binadamu. Basi tunabeba darubini na vichupa kusaka chanzo cha ugonjwa porini, kumbe chanzo kimevaa buti na kimelipa kiingilio.

Watasema bila watafiti na watalii majangili wangekwisha maliza kazi. Wana hoja, maana huko Taï wanyama hawa ni wengi zaidi karibu na kambi ya utafiti. Lakini mlinzi wa ghala hapewi ruhusa ya kukohoa ndani ya unga. Huko Bwindi, pia Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta karibu ziara zote za kuona gorila wa milimani zimevunja sharti la wakati huo la kukaa umbali wa mita 7. Utetezi wa mwisho ni kwamba mnyama mwenyewe husogea. Ni kweli, hasa akiwa mdogo. Ila yeye hajasomewa masharti; mgeni amesomewa, kwa lugha yake, akaitikia kwa kichwa huku akitafuta kamera.