Jinsi ya Kutounguza Mashine ya Japani Siku ya Kwanza

Mashine ya randa imeshuka bandarini Dar es Salaam, imepakiwa kwenye Fuso na kufika karakana moja ya Keko. Chuma kizito, visu bado vikali. Vijana wamejipanga kushuhudia, na dalali anaapa kwamba chombo hiki kinakubali umeme wowote. Hatua ya kwanza: mpe dalali soda, mshukuru, mtoe nje. Hatua ya pili: mwambie yule kijana aliyeshika waya mbili tupu aziweke chini.

Sasa lete kitambaa ufute vumbi kwenye kibati cha mota. Pameandikwa volti, hezi na ampea, na hapo pana ukweli zaidi kuliko kwa kila aliyeigusa mashine tangu Yokohama. Umeme wetu ni volti 230 kwa njia moja, 400 kwa njia tatu, hezi 50. Wajapani hutumia volti 100 majumbani na 200 za njia tatu karakanani. Ukiichomeka mashine ya volti 100 kwenye soketi ya ukutani kwetu, umeipa zaidi ya mara mbili ya inachostahili, na moshi hautachelewa.

Volti watu wanazijua. Kinachoua mota ni hezi. Mwaka 1895 Tokyo ilichukua jenereta za Ujerumani za hezi 50. Mwaka uliofuata Osaka ikachukua za Marekani za hezi 60, na nchi ile imebaki imegawanyika hadi leo. Kwetu hiyo ni neema, maana viwanda vyao vililazimika kutengeneza mota nyingi zinazokubali pande zote mbili. Kibati kikisema 50/60, shughulika na volti tu: nunua transfoma ya kushusha, yenye uwezo mkubwa kuliko mota, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake.

Kikisema 60 peke yake, usiwashe. Transfoma hubadilisha volti. Hezi haizigusi hata kidogo, na fundi anayekuambia vinginevyo asiguse mashine yako. Mota ya induksheni iliyopangiwa mizunguko 1,800 kwa dakika itashuka hadi 1,500. Wengi hukimbilia kubadilisha puli ili kurudisha mwendo, kisha wanatamba mtaani kwamba wameshamaliza. Hawajamaliza. Kwa hezi 50 na volti zilezile, chuma cha mota hushiba sumaku, koili huvuta umeme kupita kiasi, na joto hula varnishi taratibu hadi siku moja mota inanuka. Mota ya volti 200 kwa hezi 60 inataka volti kama 167 tu ikiwa kwenye hezi 50, na hata hapo nguvu yake hupungua kwa sehemu moja ya sita.

Drili na grainda zenye brashi za kaboni hazijali hezi. Hizo transfoma inazitosha.

Kwa mota ya njia tatu, dawa ninayoipenda kuliko zote ni inveta. Inapokea volti 230 za njia moja, inatoa njia tatu, nawe unaipangia volti 200 na hezi 60 kama kibati kinavyotaka. Karakana ndogo isiyo na njia tatu inapata mashine kubwa bila kuvuta laini mpya. Ila iunge moja kwa moja kwenye mota. Swichi za zamani za mashine, taa yake na transfoma yake ndogo ya ndani visilishwe na inveta. Vitafutie umeme wake. Na waya wa ardhi ufungwe kwenye mwili wa mashine kwa bolti. Fundi anayeuacha ukining'inia anacheza na uhai wa kijana atakayeegemea chuma kile akiwa pekupeku.

Kabla ya mbao ya kwanza, vua mkanda na uwashe mota peke yake. Randa inayozunguka kinyume hurusha mbao. Ikiwa kinyume, zima umeme wote, subiri dakika kadhaa kapasita za inveta ziishiwe chaji, badilisha waya mbili zozote kati ya tatu zinazokwenda kwenye mota, ujaribu tena. Ikikaa sawa, iache izunguke kidogo, izime, pima joto lake. Kisha rudisha mkanda.